Kondoo wa Asitan na Tabibu wa Majani

Siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo siku ya soko kuu mjini Segu, Bandiugu alimwona mtu mnene amesimama mbele ya meza ya mchinjaji, akizinusa mbavu za ng'ombe kama anusaye uwaridi. Mtu yule hakununua kitu. Alinusa, akashusha pumzi, akaishika fimbo yake, akaenda zake akichechemea, mguu mmoja ndani ya kiatu na wa pili umefungwa kitambaa. Watu waliokuwa karibu walicheka, wakapita. Bandiugu hakucheka. Mola hugawa riziki apendavyo, na kila mja hupewa kiungo kimoja kilicho kikali kuliko vingine. Mwindaji hupewa jicho, mwizi hupewa unyayo. Bandiugu alikuwa amepewa pua ya kunusa haja ya mtu, na ulimi wa kuitibu.

Alimsogelea mchinjaji, akanunua kipande kidogo cha ini ili apate haki ya kuuliza. Akaelezwa kwamba yule ni Alhaji Nyanankoro Diara, mwuza nafaka kwa jumla, mwenye malori matatu na kidole gumba kimoja cha mguu kilichovimba kwa jongo. Daktari alikuwa amemkataza nyama. Alhaji, kwa kuwa ni mtu wa kufuata sheria kwa herufi zake, aliacha kula, lakini hakuacha kunusa. Tena, alisema mchinjaji kwa majonzi, nyumbani kwake mna kondoo dume mmoja mweupe mwenye duara nyeusi machoni, aitwaye Waziri, anayeogeshwa kwa sabuni na kuchanwa kwa kitana, na wapenzi wa kondoo hufunga safari kutoka Bamako kuja kumtazama tu. Mchinjaji alilitazama panga lake, akatikisa kichwa kama mtu aliyenyimwa posa.

Jambo ambalo mchinjaji hakulijua, wala Segu nzima haikulijua, ni kwamba kondoo yule hakuwa wa Alhaji. Alikuwa wa mkewe, Mama Asitan. Mama Asitan alimnunua akiwa mwanakondoo dhaifu, kwa fedha alizopata katika kuuza sumbala, kile kiungo cha mbegu za mti wa mnere zilizochachushwa, ambacho harufu yake hutangulia mpishi na ladha yake hubaki baada ya mgeni kuondoka. Akamlisha pumba na maganda ya kunde kwa miaka mitatu. Nia yake ilikuwa moja: amuuze siku atakapokomaa, anunue mashine ya kukoboa mbegu, ili yeye na wanawake tisa wanaofanya kazi pamoja naye waache kukoboa kwa miguu na mchi. Alhaji alikuwa akisema mbele ya wageni, "Kondoo wangu," na Mama Asitan alikuwa akinyamaza, kwani maneno ya mume mbele ya wageni hayana uzito kama mizani ya sokoni. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Sasa, Segu haiingiwi bila jina la ukoo. Mtu akibisha hodi, kabla ya kuulizwa haja yake huulizwa ni wa ukoo gani, na jawabu lake ndilo litakaloamua kama ataketi kwenye mkeka au atasimama juani. Bandiugu alikuwa na jina lake la ukoo, bila shaka, lakini alilitumia kwa nadra, kama nguo ya Idi. Kwa siku za kazi alichagua lililofaa. Safari hii alichagua Traore, kwa sababu Diara na Traore ni watani tangu zama ambazo hata wazee huzitaja kwa kukisia. Traore humwita Diara mtumwa wake na mla kunde. Diara humrudishia yale yale, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Mgeni hubisha mlango, lakini mtani huupiga teke.

Akaupiga teke siku ya pili, baada ya sala ya alasiri.

"Yuko wapi huyu mtumwa wangu?" aliuliza akiwa katikati ya ua, kanzu yake ya buluu imepigwa wanga. "Nimeambiwa anaumwa mguu. Nani aliyemruhusu kuumwa bila ya kuniuliza mimi mwenye mali?"

Alhaji, aliyekuwa amelala kitini kwa huzuni, aliinuka nusu, na uso wake ukafunguka.

"Huyu ni Traore," alisema.

"Kalifa Traore. Na wewe ni mla kunde uliyesahau asili yako. Baba zako walikula kunde wakaishi miaka tisini. Wewe umejitia kula nyama kama waungwana, na kidole kimekuumbua."

Alhaji alicheka hadi fimbo ikaanguka. Tangu alipougua, kila aliyemjia alimjia kwa sauti ya mazishini, na huyu alikuwa wa kwanza kumtukana kama mtu mzima. Aliagiza mkeka, akaagiza maji, akaagiza kokwa za kola za kumtafunisha mgeni. Kabla jua halijatua, Kalifa Traore alikuwa amekwisha kuwa tabibu wa nyumba ile, naye ameeleza kwa ufasaha siri ya majani, mizizi na mbegu, na namna mwili wa mwanadamu unavyotakiwa kuoshwa kwa siku arobaini kwa vyakula vya ardhini tu, vilivyopikwa nyumbani, pamoja na dawa moja ya maji aliyorithi kwa babu yake. Washairi wa kale walijua habari za watu kama yeye, na lau wangalimwona wangalisema:

Mwenye ulimi asali, nyuki humwacha salama,
Huingia mizingani, akatoka na karama.

Ilibaki shida moja ndogo. Bandiugu hakujua kupika hata maji. Kwa hiyo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayegawa vyeo, ni nani anayesimamia jiko. Alhaji akamwita mkewe, akamtambulisha kwa furaha: Asitan, binti wa Traore. Bandiugu hakuwa ameliweka hilo katika hesabu zake. Hata hivyo alifungua mikono yake kama malango ya msikiti siku ya Ijumaa, akasema kwamba basi Mungu amemkutanisha na dada yake. Mama Asitan alimtazama, akamkaribisha, akarudi jikoni.

Akapika. Ajabu ya mambo ni kwamba vyakula vilevile alikuwa akivipika kwa mumewe kwa miaka ishirini na mitano, naye mumewe akivisukuma kando aifikie nyama. Alipika fonio kwa mvuke, ile nafaka ndogo kama mchanga, akaitilia mchuzi wa majani ya mbuyu. Alipika kunde akazivunjia sumbala. Alichachusha unga wa uwele kwa siku mbili akaukorogea uji mchachu wa asubuhi, na majani ya mlonge akayasonga pamoja na karanga. Alhaji sasa alikula kila kitu na kulamba vidole, kwa sababu tabibu alikaa mbele yake akihesabu matonge na kumwambia kila moja linaingia kidole gani.

Ama dawa ya babu, hiyo nayo ilikuwa na historia yake. Kila asubuhi Bandiugu alipita jikoni, akachota kwenye mtungi wa Mama Asitan maji yake ya rosela, ukwaju na tangawizi, akayatia katika chupa ya kijani, akafunga shingo ya chupa kwa uzi mwekundu, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele. Alhaji aliyanywa akiwa amefumba macho. Alisema hajapata kuonja kitu kama kile maishani mwake, na mkewe, aliyekuwa akimtengea birika la maji yale yale kila Ramadhani, alikubaliana naye kwamba bila shaka hajapata.

Mwisho wa wiki ya pili maumivu yalikuwa yamepungua nusu. Ijumaa hiyo, mbele ya wageni waliomsindikiza kutoka msikitini, Alhaji alimwambia tabibu ataje ujira wake. Bandiugu aliinamisha kichwa. Alisema kwamba babu yake alimkataza kupokea fedha kwa ajili ya uponyaji, na Alhaji, ambaye alipenda fedha zake zikae zilipo, aliona kwamba babu huyo alikuwa mtu mwenye hekima kubwa. Kisha Bandiugu akaongeza, taratibu, kwamba nyama ikishatoka mwilini mwa mgonjwa, haifai mnyama wa nyama kubaki nyumbani mwake akimtia tamaa. Akitaka apone moja kwa moja, siku ya arobaini amtoe yule kondoo. Yeye, Kalifa, yuko tayari kuubeba mzigo huo.

Alhaji alilitazama zizi, akakitazama kidole chake, akakipenda kidole chake zaidi. Akatoa ahadi mbele ya watu wote.

Mama Asitan aliisikia akiwa jikoni na mwiko mkononi. Alingoja wageni waondoke, kisha akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Madu, kondoo ni wangu."

"Najua," alisema Alhaji, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amekumbuka wakati huo huo. "Lakini nimekwisha kusema mbele ya watu. Nyama nimekatazwa. Unataka nile na maneno yangu?"

Akamwahidi atamnunulia mwingine, Mungu akijaalia, mambo yakikaa sawa. Mama Asitan aliyajua mambo ya mumewe, na alijua hayajapata kukaa sawa. Hakubishana. Mwanamke anayechachusha mbegu za mnere hujifunza subira, kwani akifunua kikapu kabla ya siku tatu, hupata uchafu mahali pa sumbala.

Siku iliyofuata Bandiugu alikuwa akivuka ua kuelekea kwenye mtungi. Mama Asitan, akiwa nyuma yake, alimwita, "Traore." Hakugeuka. Akamwita tena, "Traore," kwa sauti ya kufika barabarani. Mtu yule aliendelea kutembea, akipiga mluzi. Katika mji ambao mtu huitwa kwa ukoo wake tangu anapoachishwa ziwa, ambapo Traore akiitwa sokoni hugeuka watu kumi na wanane, huyu hakugeuza hata sikio. Mama Asitan alirudi kwenye beseni lake. Mbegu mbovu haihitaji kupasuliwa, ukiitia majini huelea.

Angaliweza kupiga kelele. Lakini mumewe angalivunjiwa heshima, yeye aliyelishwa na mwongo mbele ya mtaa mzima, na huenda kwa hasira angaliliacha jiko la majani akarejea kwenye mbavu. Tena, mwongo aliyekamatwa hukimbia. Mwongo asiyejua kwamba amekamatwa anaweza kufanyishwa kazi.

"Kaka," alimwambia jioni ile kwa upole, "sisi akina Traore, dada hakobolewi mbegu na watu baki kaka yake akiwapo."

Hivyo tabibu wa majani alikunja suruali ya wanga. Mbegu za mnere huchemshwa mchana kutwa, kisha hutiwa majivu na kukanyagwa zikiwa na moto ili zivue maganda, kisha huoshwa, huchemshwa tena, hufunikwa kwa majani zichache. Bandiugu alikanyaga. Wanawake tisa waliketi wakimwelekeza, mmoja akilaumu kisigino chake, mwingine akisifu kidole. Alitaka kukataa, lakini kila alipofungua kinywa aliitwa kaka, naye alimhitaji kondoo. Baada ya siku tano harufu ya sumbala ilimwingia hata kwenye nyusi. Naye, aliyekuwa akitoroka kila siku ya tatu kwenda kula nyama ya kuchoma upande wa pili wa soko, aligundua kwamba wachomaji walimjua kabla hajafika.

Katika siku hizo za kukanyaga, alikuwa akijitenga nyuma ya zizi na kuzungumza kwa simu. Zizi lilikuwa na upande wa pili, na upande huo ndipo Mama Asitan alipoanika majani ya mbuyu. Akajua kwamba kuna Bwana Sisoko wa Bamako, mpenzi wa kondoo, atakayefika siku ya arobaini kwa gari lake, na kwamba Waziri atalala Bamako kabla ya magharibi.

Basi alimwendea wifi yake. Nyeba Diara alikuwa dada mkubwa wa Alhaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita kivuko, na ndiye kiongozi wa wale wanawake tisa, ambao wote walikuwa mabinti wa ukoo wa Diara. Mama Asitan alimsimulia kila kitu, kuanzia mtungi hadi simu. Nyeba alitaka kwenda kuchukua mchi saa ile ile.

"Mchi wa nini, wifi?" alisema Mama Asitan. "Mimi ni Traore. Yeye amesema ni Traore. Mimi siwezi kumtania ndugu yangu. Lakini ninyi je? Diara ana haki gani kwa Traore?"

Nyeba aliokota ganda moja baada ya moja kwenye beseni. Kisha alianza kucheka, na alicheka hata ikabidi ashikwe.

Siku ya arobaini Alhaji Nyanankoro Diara alikwenda msikitini bila fimbo, akarudi bila fimbo. Jambo hilo halikuwa la kutiliwa shaka, mtaa mzima ulimwona. Watu walijaa uani. Walikuja hata wazee wawili wa ukoo wa Traore kutoka mtaa wa pili, waliokuwa wamesikia habari za ndugu yao huyu mganga na kuona si vizuri hawajamsalimu. Waziri aliletwa akiwa ameogeshwa, pembe zimepakwa mafuta ya shea. Alhaji alisema maneno mafupi ya shukrani, na Bandiugu akasema maneno marefu ya unyenyekevu, huku jicho lake moja likiwa barabarani. Kisha akapokea kamba.

Hapo ndipo Nyeba alipoingia, na nyuma yake wenzake wanane wakipiga vibuyu na kuimba kwamba mtumwa wao amenona. Watu walifungua njia. Nyeba alisimama mbele ya ndugu yake.

"Kondoo huyu ni wa nani?"

"Ni wa Traore," alisema Alhaji. "Nimempa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nyeba alimgeukia Bandiugu. "Umempokea? Ni wako?"

"Ni wangu," alisema Bandiugu, na kifua kikamjaa.

"Alhamdulillahi," alisema Nyeba. "Mali ya mtumwa ni mali ya bwana wake." Akaichukua kamba.

Ua ulilipuka kwa vicheko. Mwanamke mmoja alimfunga Waziri kitenge shingoni, wa pili akampanda mgongoni kwa mzaha akashuka, wa tatu akamwuliza Bandiugu kama kuna mali nyingine aliyowafichia. Bandiugu alicheka pamoja nao, kwani alikuwa mtu wa dunia na alijua mambo haya huishia kwenye fidia. Alitoa kola sita. Wakazipokea, wakazitafuna, wakaishika kamba. Akatoa noti. Ikapokewa nayo, ikaingia kifuani mwa Nyeba, na kamba ikabaki ilipokuwa. Wanawake tisa walikuwa wamekwisha kumzunguka kondoo, naye Waziri, ambaye aliwajua wote kwa harufu ya pumba, hakuonyesha nia ya kuondoka.

"Mama zangu," alisema Bandiugu, na sasa meno yake yalikuwa yamekaribiana, "utani una mipaka."

Vibuyu vikanyamaza.

"Amenuna?" aliuliza Nyeba.

Mama Asitan alisogea mbele, akifuta mikono kwa upole kwenye kanga yake. "Kaka yangu hanuni, wifi. Traore hanuni mbele ya Diara. Akinuna, wazee humwuliza anatoka kijiji gani, na baba yake ni nani, na babu yake alizikwa wapi. Tena wazee wetu wapo hapa. Kaka, waambie kama umenuna."

Wale wazee wawili wa Traore waliinua nyuso zao kwa upendo. Mmoja alikuwa amekwisha kufungua kinywa, kwani kuuliza nasaba ndiyo raha iliyombakia duniani. Bandiugu aliwatazama. Aliutazama mlango, ambao ulikuwa umejaa watu. Alimtazama Alhaji, mwenye malori matatu na wapakiaji wenye mabega, ambaye tabasamu lilikuwa limeanza kumpungua usoni, kama mtu anayekaribia kujiuliza kitu. Kisha akamtazama Mama Asitan. Ni wakati huo tu, siku ya arobaini, alipoelewa kwamba mwanamke yule alimjua, na kwamba amemjua kwa muda mrefu, pengine tangu kabla ya beseni la kwanza la mbegu.

Akacheka. Alianza kwa chini, akapandisha. Alijipiga paja, akaunyoosha mkono kwa Nyeba, akasema kwamba kweli mtumwa hana mali, na kwamba Diara wote ni walafi kuanzia jadi yao. Ua ukamshangilia. Alhaji akafuta machozi kwa kicheko, na swali lake, lolote lililokuwa, likayeyuka.

Bwana Sisoko alifika wakati huo akishuka garini na miwani ya jua. Alimwona Waziri, akasahau kuwasalimu watu. Aliuliza ni nani mwenye kondoo, na wanawake tisa wakajibu kwa pamoja. Alimwona Bandiugu katikati ya umati akimpigia nyusi, akamwuliza kulikoni.

"Hawa ni mabwana zangu," alisema Bandiugu akiendelea kucheka. "Zungumza nao."

Bwana Sisoko alikuwa mtu wa kununua kwa anayeishika kamba. Yeye na Nyeba waliketi mkekani na Mama Asitan pembeni yao, wakazungumza, wakakubaliana, na Waziri akapandishwa garini na kitenge chake. Kabla ya mwezi kuandama, mashine ya kukoboa ilikuwa imekwisha kusimikwa chini ya banda lililokuwa zizi, ikinguruma tangu alfajiri, na wanawake kumi walikuwa wamevaa viatu kazini kwa mara ya kwanza.

Lakini siku ile, desturi ilidai kwamba mtani asiondoke mikono mitupu. Mama Asitan alimtolea kaka yake bakuli kubwa la kunde zilizopikwa kwa sumbala, limefungwa vizuri kwa kitambaa. Na kwa kuwa hakuna mtani anayeachwa aende peke yake baada ya utani mzuri, wanawake walimsindikiza, wakiimba na kupiga vibuyu, kupita soko, kupita meza ya mchinjaji, hadi kituo cha mabasi. Njia nzima Bandiugu alicheka. Alicheka alipokata tiketi, akacheka dirishani, akapunga mkono akicheka mpaka basi lilipokata kona.

Wale wazee wawili wa Traore walirudi kwao polepole. Mmoja alikiri kwamba mwanzoni moyo wake ulikuwa na shaka juu ya mtu yule, lakini shaka hiyo sasa imekwisha. Kunyang'anywa kondoo kama yule, mbele ya watu wote, na kucheka namna ile, alisema, hilo haliwezi mtu ila awe Traore wa damu.